Njiwa wa Cuthbert

Njiwa wa kwanza alirudi Jumapili ya pili baada ya mazishi. Ethel alikuwa kibarazani akipeta mtama aliposikia mabawa yakipiga juu ya banda, akainua kichwa. Njiwa wote walikuwa ndani, aliwafungia yeye mwenyewe tangu alfajiri. Huyu alitoka nje, tena mbali, maana alitua akitweta mdomo wazi. Alikuwa dume mweupe mwenye shingo ya kijivu, yule ambaye marehemu alipenda kumwita Sajini.

Mguuni alikuwa amefungwa uzi mweupe.

Ethel aliweka ungo chini, akamkamata taratibu kama alivyomwona mume wake akifanya miaka yote. Uzi ulikuwa mpya. Fundo lake lilikuwa dogo, limebanwa vizuri, ncha zimekatwa sawasawa. Cuthbert alikuwa na siku kumi na moja kaburini. Basi kulikuwa na mtu mahali fulani ambaye asubuhi ileile alimshika njiwa huyu, akamfunga uzi, akamwachia arudi Chiungutwa. Na mtu huyo alijua kufunga fundo kama mtu aliyezoea kushona.

Hakumwambia yeyote. Alikata uzi, akaufunga kwenye pindo la kanga, akarudi kupeta mtama wake.

Chiungutwa nzima ilimjua Cuthbert kuwa mtu wa kazi. Alikuwa mnyapara wa kikosi cha barabara ya Masasi hadi Newala, ile barabara ambayo kila masika huchukuliwa na maji pale inapopanda mlima, na kila masika yeye na watu wake huirudisha kwa majembe na makarai. Jumatatu hadi Ijumaa alilala kambini. Akirudi nyumbani hakai. Mikorosho yake aliipanda kwa kamba, mstari kwa mstari. Mihogo yake ilipaliliwa mapema kuliko ya jirani yeyote. Watoto wake wanne wote walipita shule ya misheni, na Mabel, binti wa kwanza, alikuwa akisomea uuguzi. Kichomi ndicho kilichomwondoa, baada ya kushinda siku mbili ndani ya maji akiokoa daraja la magogo.

Starehe yake ilikuwa moja tu, njiwa. Alitoka nayo vitani Burma. Wenzake walirudi na makoti na viatu vya ngozi. Yeye alirudi na wazimu wa njiwa. Alisema huko jeshi lilikuwa na njiwa wa kupeleka barua, wanaopita juu ya misitu ambako mtu hapiti. Watu walimcheka, wakamwuliza ni mtu gani mzima anayefuga njiwa asiowala. Naye alicheka pamoja nao, akaenda kuwabadilishia maji.

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi alipakia tenga la njiwa sita nyuma ya baiskeli, akapanda uwanda wa juu kuelekea Newala. Alisema anawazoesha njia. Alirudi Jumapili jioni na tenga tupu.

Kwa miaka tisa Ethel aliipokea habari hiyo kama alivyopewa. Lakini mfiwa ana muda mwingi wa kukaa, na kukaa kunaleta mawazo. Sasa alikumbuka shati la kaki lililopasuka begani, ambalo siku moja lilirudi kutoka huko limeshonwa, na mshono si wake. Alikumbuka doti ya kanga nyekundu aliyoiona ndani ya mkoba wa mume wake wakati wa mavuno ya korosho, akanyamaza akingoja kupewa Krismasi. Krismasi ikapita. Wakati ule alijiambia huenda alimpa dada yake. Sasa dada yake alikuwa msibani wiki mbili nzima, na Ethel alikuwa ameziangalia kanga zake zote.

Jumapili iliyofuata alirudi njiwa wa pili. Huyu alikuwa na uzi mwekundu.

Safari hii hakuwa peke yake. Shemeji yake Dunstan, mwalimu wa shule, mdogo wake marehemu, alikuwa amekaa kibarazani na karatasi magotini. Wazee wa kanisa walimpa kazi ya kuandika habari za maisha ya kaka yake, zisomwe siku ya arobaini. Alikuwa ameandika mengi: kuzaliwa, kubatizwa, vita, ndoa, barabara. Alipoona uzi mwekundu kalamu yake ilisimama.

"Hii ni nini, shemeji?"

"Na mimi nakuuliza wewe."

Dunstan aliugeuzageuza ule uzi. Kisha akatazama njiani, kama mtu anayeogopa kuonekana. "Unajua wanasema nini kule Masasi? Wanasema watu wa chama wanapelekeana habari kwa njia ambazo polisi hawazioni. Boma hawataki kusikia habari za chama katika jimbo hili. Kaka alipita vijiji vyote vya barabarani, anajulikana na kila mtu."

"Kaka yako alikuwa na siasa gani? Hata kwenye mkutano wa wakulima alikuwa analala."

"Mtu anayelala mkutanoni ndiye ambaye hashukiwi," Dunstan alisema. "Tuchinje hawa njiwa, shemeji. Leo hii."

Ethel alikataa. Lakini kesho yake Jumbe Gervas alikuja kutoa pole kwa mara ya pili, na mara ya pili haikuwa na sababu. Alizunguka banda, akachungulia kila tundu, akauliza wale ambao hawapo wako wapi. Ethel akajibu kwamba mwenye njiwa amekufa na hakuacha maelezo. Jumbe alitikisa kichwa polepole, akaaga bila kunywa togwa aliyowekewa.

Siku hiyo Ethel alifungua sanduku la bati la mume wake. Chini ya vyeti vya jeshi na nguo ya kanisani alikuta vibunda viwili vya uzi, kimoja cheupe na kimoja chekundu. Hakukuwa na barua wala karatasi yoyote. Kama ni siasa, alijisemea, siasa gani isiyo na hata neno moja lililoandikwa? Nyuzi ni vitu vya mwanamke. Alifunga sanduku, akakaa juu yake kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakuwa na machozi.

Njiwa wa tatu alikuja na nyuzi nyekundu mbili.

Kesho yake asubuhi Ethel alimkuta Alfani, dereva wa lori la kwenda Newala, akijaza maji kwenye rejeta pale njia panda.

"Alfani, mwanangu, wewe umepishana na Baba Mabel njiani miaka mingapi?"

"Mingi, mama. Mungu amrehemu."

"Baiskeli yake uliiona imeegeshwa wapi?"

Alfani alishughulika na kifuniko cha rejeta. "Mama, mimi dereva. Naangalia barabara."

"Basi kwenye hiyo barabara, uliiona wapi?"

Kijana wa watu akashindwa pa kutokea. "Mkunya," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa mama mmoja anaitwa Somoe."

Ethel alimshukuru. Alirudi nyumbani akavaa gauni la kanisani na kanga mbili, akamwambia Mabel awaangalie wadogo zake. Mabel alimtazama usoni akauliza anakwenda wapi. "Kumtafuta mtu aliyeshona shati la baba yako," akamjibu.

Lori lilipanda mlima likinguruma, likasimama mara mbili kupoza injini. Ethel alikaa kwenye magunia, akaziona kuta za mawe alizojenga mume wake kuzuia udongo, jiwe juu ya jiwe, zimenyooka kama alivyokuwa mwenyewe. Zilimtia hasira zaidi. Mtu anayeweza kunyoosha ukuta namna ile, iweje kauli yake iwe imepinda? Kichwani alishapanga maneno ya kumwambia huyo Somoe, akayapanga upya, akayafupisha. Hadi wanafika Mkunya yalikuwa yamebaki mawili tu.

Nyumba alionyeshwa na kina mama waliokuwa wakirudi kutoka bondeni na maji, ndoo kichwani. Walipotaja jina la Somoe walitazamana, naye akaona. Nyumba ilikaa peke yake nje ya kijiji, imezungukwa na mihogo. Na nyuma yake, juu ya nguzo nne, kulikuwa na banda la njiwa. Miguu ya Ethel ilisimama. Lilikuwa banda lilelile la nyumbani kwake, paa lilelile la mabati yaliyokunjwa pembeni. Mikono iliyolijenga alikuwa ameizika.

Mwanamke alitoka mlangoni, mtu mzima kuliko alivyomtarajia, nywele zimeanza mvi. Alikuwa amejifunga kanga nyekundu.

Heshima haikumtoka Ethel hata katika hali ile. "Shikamoo," alisema, lakini kavu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watoka wapi?"

"Chiungutwa."

Uso wa yule mama ukachanua. "Chiungutwa! Basi umetuletea habari za Baba Mabel. Wiki ya tano hii hajaja. Tuna wasiwasi, hata kula tunakula kwa kujilazimisha."

"Unamwita Baba Mabel," Ethel alisema.

"Nimwiteje mwingine?"

Yale maneno mawili aliyokuja nayo Ethel yalikuwa ulimini, lakini hayakuwahi kutoka. Nyuma ya nyumba sauti ya mwanamume iliuliza, "Somoe, ni nani?" Halafu mwenye sauti akazunguka kona, polepole, akiburuza mguu mmoja uliofungwa matambara safi. Alikuwa mrefu, amevaa koti kuukuu la jeshi. Vidole vya mikono yake vilikuwa vimekatika, kingine hapa, kingine pale, na mkono wa kushoto ulibaki na gumba peke yake.

Ethel alirudi nyuma hatua mbili kabla hajajua kwamba anarudi nyuma. Uso ule aliujua.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya vita kwisha. Reginald, mwanawe wa tatu, alikuwa bado ananyonya. Mtu aliyepigana pamoja na Cuthbert alikuja kuwatembelea, jina lake Nurdini, Mmakonde wa Newala, mcheshi, akakaa kibarazani na kupewa chakula. Aliponyoosha mkono kumshika mtoto, Ethel aliona mabaka na vidole vinavyopinda. Alimnyakua mtoto. Hakupiga kelele, lakini alichofanya kilikuwa kibaya kuliko kelele. Mgeni akiwa bado anatazama, alichukua bakuli alilolia, akalivunja kwenye jiwe, kisha akaukokota mkeka uani na kuutia moto. Nurdini aliondoka bila kuaga. Ethel akamwambia mume wake kwamba mtu yule akikanyaga tena pale, au yeye akimfuata huko aliko, atawachukua watoto na kurudi kwa mama zake Lupaso, na hatawaona tena. Cuthbert akasema, "Nimesikia." Tangu siku hiyo jina la Nurdini halikutajwa nyumbani mwao.

"Mama Mabel," Nurdini alisema. Naye alikuwa amemtambua. Alibaki palepale alipo, kwa mbali, kama mtu aliyefundishwa umbali wake. "Usiogope. Nimetibiwa. Nilikaa kambi ya wagonjwa miaka mitatu, nikapewa dawa mpya, nina cheti. Vilivyokwenda vimekwenda, lakini ugonjwa umesimama. Cuthbert yuko wapi?"

Hakuna aliyempangia Ethel namna ya kulisema lile. "Amefariki. Wiki ya nne sasa. Kichomi."

Somoe alikaa chini palepale, akashika kichwa. Nurdini hakukaa. Alitazama banda la njiwa, ambamo alibaki mmoja tu, akazungusha mdomo kama anayetafuna kitu.

"Nami nilikuwa namkasirikia," alisema mwishowe. "Nilituma uzi mweupe, maana yake mimi mzima, njoo kwa nafasi yako. Hakuja. Nikatuma mwekundu, njoo upesi. Hakuja. Nikafunga mbili. Tulishakubaliana kwamba mbili ni kugombana. Nilifunga mbili, Mama Mabel! Nikasema sasa amechoka nami kama wengine. Na mtu yumo ndani ya udongo."

Hapo ndipo alipolia, na kwa kuwa vidole vya kujifutia hakuwa navyo, alijifuta kwa kiwiko cha koti.

Habari yenyewe ilitoka kidogokidogo, mchana ule, Ethel akiwa amekaa kwenye kigoda karibu na njia ya kutokea. Kule Burma mtunza njiwa hakuwa Cuthbert. Alikuwa Nurdini. Yeye ndiye aliyepewa sanduku la njiwa alibebe mgongoni, na Cuthbert, aliyekuwa akibeba risasi, alijifunza kwake kwa kutazama tu. Siku moja kikosi chao kilizingirwa mtoni, na njiwa wa mwisho wa Nurdini ndiye aliyepeleka habari mpaka wakaokolewa. Alipotoka kwa wagonjwa, watu wa Mkunya walimtenga nje ya kijiji pamoja na dada yake mjane, huyu Somoe. Cuthbert, akipita na kikosi cha barabara, akasikia. Mara ya kwanza alikuja na njiwa wawili kifuani, ndani ya shati.

"Alisema mimi si mtu wa kukaa bila njiwa," Nurdini alisema. "Vidole vya kufunga sina, anafunga Somoe. Lakini kuachia naweza. Kila Jumapili namwachia mmoja, namwangalia mpaka anapotea, najua saa hiyo Chiungutwa kuna mtu atamwona."

Ethel alimgeukia Somoe. Bado alikuwa anachunguza. Moyo wake haukuwa tayari kuamini haraka namna ile. "Hiyo kanga?"

"Alinipa yeye. Alisema ni ya kunishukuru kwa kumtunza mwenzake." Somoe aliishika kanga kana kwamba yuko tayari kuivua. "Nilimwambia, mpelekee mkeo. Akasema, mke wangu nitamletea nyingine siku nitakayoweza kumwambia hii ilikwenda wapi."

Ethel aliinamisha macho. Alitafuta ndani ya maneno hayo mahali pa kushika, pa kupindua, pa kusema uongo huu, na hakupapata. Mume wake alikuwa ametii kila alichoagizwa mbele ya macho yake, na kukiuka kila kitu nyuma yake.

Somoe alileta maji kwenye bakuli. Yalikuwa maji ya bondeni, safari ya nusu siku kichwani. Ethel alilipokea bakuli akalishika kwa mikono miwili, akautazama ukingo wake, akatazama mikono ya Somoe, akalitazama tena. Maji hayakwenda mdomoni.

"Usijilazimishe," Nurdini alisema kwa upole. "Hata yeye mara ya kwanza alikaa na bakuli mpaka maji yakapata moto."

Ethel alikunywa nusu. Nusu nyingine hakuweza, akaliweka chini.

Siku ya arobaini uwanja ulijaa. Dunstan alisimama na karatasi zake, akasoma kwa sauti ya darasani: alizaliwa, alibatizwa, alipigana, alioa, alitengeneza barabara, alilima. Starehe yake ilikuwa njiwa, akasoma, na hapo akaharakisha, akimtupia Jumbe Gervas jicho. Alipofika mwisho na kukunja karatasi, Ethel alisimama.

"Mwalimu ameeleza vizuri. Lakini amebakiza kitu, kwa kuwa hata mimi nilikuwa sikijui."

Dunstan alinong'ona, "Shemeji, keti." Ethel hakuketi. Alieleza yote, tangu sanduku la njiwa Burma hadi nyumba ya nje ya Mkunya. Bakuli alilolivunja alilieleza, na mkeka pia. Aliposema neno ukoma, mwanamke mmoja safu ya mbele aliwavuta watoto wake karibu, na watu wawili watatu wakasogea kutoka mahali ambapo marehemu alizoea kukaa. Mzee mmoja wa kanisa aliondoka kabisa. Jumbe Gervas aliuliza kwa sauti kama huyo mgonjwa ana cheti, akaambiwa anacho, akaandika jambo kwenye kijitabu chake. Mabel alisimama pembeni mwa mama yake akasema kwamba kwa dawa za siku hizi mtu aliyekwisha kutibiwa haambukizi, wamefundishwa hivyo, na anayetaka kuuliza amwulize yeye. Hakuna aliyeuliza. Lakini wengi walibaki, wakala, na Dunstan, kabla ya kuondoka, aliomba kalamu akaongeza mistari sita chini ya karatasi yake.

Wiki iliyofuata Ethel alipakia njiwa sita kwenye tenga. Alfani alilitazama lile tenga, akasitasita, kisha akalipokea na kulifunga vizuri juu ya magunia.

Aliporudi Jumapili, yeye na Mabel waliingia bandani kufagia. Kisha binti akauliza lile ambalo alikuwa nalo moyoni tangu siku ya arobaini.

"Mama, baba angekwambia, ungemruhusu?"

"Ningemruhusu," Ethel alisema mara moja.

Aliendelea kukwangua mbao. Njiwa walihama kutoka upande huu kwenda ule kumpisha. Alikusanya uchafu kwenye kipande cha bati, akautoa nje, akarudi, akasimama mlangoni bati likiwa mkononi.

"Nisingemruhusu," alisema.

Mabel alichukua debe la maji akampa mama yake, naye akaanza kuwajazia.